Panki bila siasa? Hiyo bendi sijawahi kuisikia

Kila baada ya muda kuna watu wanashtuka kugundua kwamba Green Day, bendi ya panki (ile roki ya kasi na kelele) ya Marekani, ni bendi ya siasa. Kelele zilianza upya usiku wa kuamkia 2024, jamaa wako live kwenye ile shoo ya mwaka mpya ya televisheni ya ABC kule Marekani, watu wamekaa sebuleni na familia zao wanasubiri saa sita ifike, mwimbaji wao Billie Joe Armstrong akafika kwenye mstari fulani wa American Idiot akabadilisha neno moja, akaimba kwamba yeye hayumo kwenye ajenda ya MAGA, yani ile kaulimbiu ya Trump. Neno moja tu. Asubuhi yake ikawa vita, wengine wanasema bendi imeharibika, wengine wanasema tulikuja kusikiliza muziki hatukuja kuhubiriwa, na Elon Musk naye akaandika kwamba hawa zamani walikuwa wanapambana na mfumo ila siku hizi wanautetea huo huo mfumo, tena kinyonge.

Kilichonichekesha ni hiyo "zamani". Zamani ipi jamani? Albamu ya American Idiot ilitoka Septemba 2004, wiki chache kabla ya uchaguzi, Bush yuko Ikulu, jeshi la Marekani liko Iraki, na wimbo wenye jina la albamu unamsema Mmarekani anayelishwa habari na televisheni mpaka akili inalala. Hakuna fumbo pale. Albamu ikapata Grammy ya roki 2005, ikapigwa kila kona ya dunia, ikaja kufanywa mpaka mchezo wa jukwaani Broadway, kwaiyo mtu aliyeimba kile kiitikio karibu miaka ishirini afu leo anauliza siasa zimeingia lini, huyo alikuwa anasikiliza gitaa, maneno yalikuwa yanampita pembeni. Na Novemba 2016, siku chache baada ya Trump kushinda, hao hao Green Day walisimama kwenye tuzo za American Music Awards wakawa wanarudia rudia kwamba hawamtaki Trump, hawaitaki KKK (lile kundi la wazungu wabaguzi), hawaitaki Marekani ya kifashisti, na huo mstari wenyewe waliurithi kutoka kwa bendi ya Texas inaitwa MDC, ya mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Ila nisijifanye malaika, upande wa pili nao una kipande cha ukweli. Desemba 2023 aliyekuwa Ikulu alikuwa Biden. Sasa bendi ya matajiri, kwenye televisheni ya kampuni ya Disney, inamsema mtu ambaye kwa wakati ule hana madaraka, afu uambiwe huo ndo uasi, mtu ana haki ya kuguna. Mi mwenyewe niliguna kidogo. Afu ikaja Januari 19, 2025, Green Day wako uwanja wa FNB Johannesburg, kesho yake Trump anaapishwa tena, Armstrong akafika kwenye mstari ule ule akabadilisha tena, safari hii akasema hayumo kwenye ajenda ya Elon, tena anayasema hayo kwenye nchi aliyozaliwa Elon mwenyewe. Hapo hesabu imegeuka kabisa, anayesemwa ndo anaingia na wenye nchi. Na nina hakika waliokasirika ni wale wale na waliopiga makofi ni wale wale, kwaiyo ile hoja ya mfumo mara wanaupinga mara wanautetea haikuwa na uzito tangu mwanzo, watu walikuwa wanaangalia kasemwa nani.

Mi ni mtu wa Dar, nasikiliza panki tangu niko shule, na hapa mjini tuko wachache, ukimwambia mtu unasikiliza panki anakuangalia nywele kwanza. Mabishano haya nayafuatilia nikiwa mbali, sina chama Marekani wala Uingereza, na kinachonishangaza ni kwamba pande zote mbili zinaamini kulikuwa na wakati fulani watu walikubaliana. Mmoja anakwambia zamani panki ilikuwa kelele za kujirusha tu na bia, mwingine anakwambia zamani wapanki wote tulikuwa mrengo wa kushoto, ndugu na dada, mpaka hawa wageni walipoingia. Wote wanaota. Hawakuwahi kukubaliana hata ndani ya bendi moja.

Chukua Ramones, bendi ya panki ya New York, ambao fulana zao zenye ndege tai nazikuta sana kwenye mitumba pale Karume, zinavaliwa na watu ambao hawajawahi kusikia hata wimbo wao mmoja (na ile nembo yenyewe imeigwa kwenye muhuri wa Rais wa Marekani, sasa anza kujiuliza hiyo ni dhihaka au ni heshima, maana hata hapo mashabiki hawaelewani). Mwimbaji Joey alikuwa Myahudi wa New York, anaelekea kushoto. Mpiga gitaa Johnny alikuwa Republican wa damu, yeye kwa mtazamo wake panki ilikuwa muziki wa mrengo wa kulia. 1985 Rais Reagan akaenda makaburi ya Bitburg, Ujerumani Magharibi, mahali ambapo wamezikwa pia askari wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Wanazi, Joey akachemka, wakatoka na wimbo wa kumsema Reagan wakimwita Bonzo, jina la sokwe aliyeigiza naye kwenye filamu ya 1951. Johnny jina hilo lilimkera, na wimbo ulipoingia kwenye albamu 1986 ukapewa jina lingine mbele, Bonzo akasogezwa kwenye mabano. Afu Machi 2002 bendi inaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, Joey ameshafariki mwaka mmoja kabla, Johnny akashika maiki akasema Mungu ambariki Rais Bush na Mungu aibariki Marekani.  Hatanii yule! Na usisahau hawa wawili miaka mingi walikuwa hawaongei kabisa, maana mpenzi wa Joey alihamia kwa Johnny akaja kuolewa naye, wanapanda gari moja, wanapiga shoo moja, salamu hakuna. Kwaiyo shabiki anayesema "Ramones wa kweli wasingekubali siasa hizi" namuuliza Ramones yupi, wa kwenye maiki au wa kwenye gitaa?

Sex Pistols wa Uingereza ndo usiseme. Mei 1977, Malkia Elizabeth anasherehekea miaka 25 kwenye kiti, wao wanatoa God Save the Queen, BBC inaupiga marufuku, orodha za mauzo unashika namba mbili nyuma ya Rod Stewart na mpaka leo kuna watu wanaapa kwamba hesabu zilichezewa. Wasikilizaji wengine hawakuishia kwenye maoni, mwimbaji wao John Lydon alivamiwa na watu wenye visu mwezi Juni mwaka ule ule kwa ajili ya wimbo. Haya, sasa sogea mbele, Lydon huyo huyo uzeeni akawa anavaa fulana ya MAGA na kusema anampigia kura Trump, na Malkia alipofariki Septemba 2022 ukurasa wake ukatoa salamu za rambirambi za heshima kabisa. Kuna mashabiki walilia kama wamefiwa na Lydon. Mi albamu ya Pistols bado naisikiliza, na sioni kwa nini mzee wa leo apewe mamlaka juu ya kijana wa 1977, wimbo ulishatoka nyumbani kwake zamani sana.

Lakini nikitaka kumwonyesha mtu jinsi wasikilizaji wanavyopasuka vipande namletea The Clash, bendi ya London. Hawa ndo wanatajwa bendi ya siasa kuliko zote, wenyewe walijitangaza hivo, mpaka mashati waliyaandika maandishi, na bado sijaona bendi iliyosikika kinyume kama hii.

Anzia White Riot, Machi 1977. Agosti mwaka mmoja kabla, mwimbaji Joe Strummer na mpiga besi Paul Simonon walikuwepo Notting Hill siku ya kanivali vijana weusi walipopambana na polisi, wakatoka pale na wimbo wa kuwaambia wazungu wenzao kwamba weusi wamechoka na wanajibu, nyie mnafundishwa ujinga shuleni na mmekaa kimya. Ndo maana yake. Ila jina la wimbo ukilisoma haraka haraka linasikika kama mwito wa vita ya wazungu, na vijana wa National Front, chama cha wabaguzi wa Uingereza, wale wa vipara na mabuti, wengine waliuchukua hivo hivo kama wa kwao. Sasa Aprili 30, 1978, makumi ya maelfu ya watu wakaandamana kutoka Trafalgar Square mpaka Victoria Park kwenye tamasha la Rock Against Racism, harakati iliyozaliwa baada ya Eric Clapton kusimama jukwaani Birmingham 1976 na kusema wageni waondoke Uingereza (Clapton! aliyetajirika kwa bluzi ya weusi na miaka miwili tu nyuma alikuwa na hiti ya wimbo wa Bob Marley, sura kavu kabisa). Clash wakapiga White Riot, na aliyepanda jukwaani kuimba nao ni Jimmy Pursey wa Sham 69, bendi ambayo shoo zake zilikuwa zinavamiwa na vijana hao hao wa National Front wakijiita mashabiki wake. Hapo ndo ujiulize, mtu anasimama mbele ya umati kuimba wimbo ambao sehemu ya mashabiki wake wanauelewa kinyume, na anajua.

Afu ije Rock the Casbah. Huu wimbo mi naweza kuuongelea mpaka asubuhi.

Muziki aliutunga mpiga drams Topper Headon, piano, besi na drams alipiga mwenyewe, maneno akaweka Strummer, wakati ambapo Iran baada ya mapinduzi ya 1979 Khomeini alikuwa ameshautoa muziki redioni. Kisa chenyewe ni cha kuchekesha, mfalme anapiga marufuku muziki, watu hawasikii, wanaendelea kucheza, mfalme anatuma ndege za kivita zikawapige mabomu, marubani wakiwa huko juu wanafungulia redio na wao wanaucheza. Yani marubani wanagoma. Ulitoka 1982, Marekani ukafika namba 8, ikawa hiti yao kubwa kuliko zote kule.

Sasa sikiliza ulivyosafiri. 1991, vita vya Ghuba, wanajeshi wa Marekani wanaufanya wimbo wao, na ikaripotiwa kwamba jina la wimbo liliandikwa kwenye bomu lililokuwa linakwenda Iraki, Strummer inasimuliwa alilia aliposikia. Wimbo unaosifu marubani waliokataa kupiga bomu, umeandikwa kwenye bomu. 2001 baada ya Septemba 11, kampuni ya Clear Channel yenye redio zaidi ya elfu moja ikazungusha orodha ya nyimbo ambazo si vizuri kuzipiga kipindi kile, na Rock the Casbah ikawemo. Afu 2006 jarida la wahafidhina la National Review likatoa orodha yake ya nyimbo hamsini bora za roki za kihafidhina, na humo Rock the Casbah ikawemo tena! Miaka mitano tu, kutoka wimbo usiofaa nchi ikiwa na msiba mpaka wimbo wa wazalendo. Na mwaka huo huo 2006, Uingereza, kijana mmoja akiwa kwenye teksi kuelekea uwanja wa ndege wa Durham Tees Valley aliweka London Calling ya Clash hao hao, dereva kusikia mambo ya vita akapiga simu polisi, kijana akashushwa kwenye ndege akahojiwa kuhusu ugaidi. Bendi moja, wengine wanawaandika kwenye mabomu, wengine wakiwasikiliza wanaitiwa polisi.

Na kuna masikio mengine ambayo Strummer nadhani hakuyawaza kabisa, haya ya kwetu pwani. Mjomba wangu wa Tanga, mtu wa maulidi, aliusikia kwangu akauliza, "Huyo sharifu kafanya nini tena?" maana kiitikio chote ni kwamba sharifu haupendi muziki. Nikamweleza, mjomba ni utani tu, ni mfalme wa kutungwa. Hakuridhika hata chembe. Kwake sharifu ni mtu wa ukoo wa Mtume, mtu unayembusu mkono, na isitoshe akanambia hao jamaa wamekosea stori nzima, kwetu sharifu ndo aliyeleta ngoma. Na kwa hilo mzee yuko sahihi, Habib Swaleh wa Lamu, sharifu kabisa wa Jamalilayl, aliyeanzisha msikiti wa Riyadha, ndo alikuwa akisoma maulidi kwa dufu na matari, akapigwa vita na wakubwa wa mji waliosema hayo hayafai msikitini. Kwaiyo kwa mjomba wimbo umepinduliwa miguu juu. Halafu jirani yake yeye ni wa Answar Suna, maulidi yenyewe kwake ni bidaa, huyo ukimtafsiria wimbo atakwambia mfalme ndo mwenye haki pale. Tanga hiyo, mtaa mmoja, na hakuna hata mmoja kati yao anayesikia kile alichosikia mwanajeshi wa Marekani au mhariri wa National Review.

Na ukitaka kusikia wimbo huo ukiwa mdomoni mwa mtu ambaye marufuku ya muziki kwake si utani, tafuta Rachid Taha, Mwaljeria aliyekulia Ufaransa, aliurekodi kwa Kiarabu 2004. Huyu anatoka kwa watu ambao mwimbaji wao Cheb Hasni alipigwa risasi Oran 1994. Ukiusikia kwake kile kicheko cha kina Strummer kinabaki, ila kuna kitu kigumu chini yake, na kuna wasikilizaji wa Clash waliosema kauharibu. Mi nausikiliza wa Taha zaidi kuliko wa kwao, basi, nimesema.

Sisi tuliokulia kwenye taarabu hatupaswi kushangaa haya. Wimbo unaimbwa, mstari wa kijembe unafika, mwanamke mmoja anainuka na noti yake anaenda kutunza huku anamwangalia mwenzie wa meza ya pili, na kuanzia dakika ile wimbo ni wa yule wa meza ya pili, mtunzi alimtungia nani haimhusu mtu. Na 2017 si tuliona, Nay wa Mitego kakamatwa kwa ajili ya Wapo, watu wameshaanza kuhesabu miaka ya jela, mara tunaambiwa Rais Magufuli wimbo kaupenda, aachiwe, upigwe, tena aongeze watu wengine wa kuwasema. Ukishapendwa na unayedhaniwa umemsema, sijui unabaki na nini mkononi.

Haya, Dead Kennedys. San Francisco, 1978, na hapa kama Mtanzania lazima nisimame kwanza kwenye jina la mwimbaji, Jello Biafra. Jello ni ile jeli tamu ya Wamarekani, Biafra ni Biafra hii hii iliyojitenga na Nigeria, ya vita na njaa, 1967 mpaka 1970, kazibandika pamoja makusudi ili ya kwanza itie kichefuchefu mbele ya ya pili. Sasa Tanzania ndo nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, Aprili 13, 1968, uamuzi wa Nyerere, na Kinondoni mpaka leo tuna viwanja vya Biafra tunaenda kwenye mikutano na injili bila kuwaza chochote. Mi jina lile naliona linachoma panapotakiwa. Ila kama Muigbo aliyepoteza ndugu kwenye ile njaa ataniambia hataki kusikia mzungu wa California akijiita hivo kwenye kelele za gitaa, sina cha kumjibu na wala sitajaribu.

Shida ya Dead Kennedys ni kwamba wao kila kitu kejeli. Wimbo wao wa kwanza 1979 ulimfanya gavana wa California, Jerry Brown, kuwa dikteta wa Kinazi wa mahipi, na Brown wala hakuwa mtu wa mrengo wa kulia, alikuwa Democrat wa mambo ya amani na kutafakari, kwaiyo mashabiki wengine wa kushoto wakawa hawaelewi wacheke au wakasirike. Kejeli ya hivo inataka msikilizaji aliyetulia, na kwenye shoo waliokuwa wanakuja sio wote wametulia, wengine walikuja kupiga watu ngumi na kuvaa alama za swastika, wanafurahia kabisa. Mpaka 1981 bendi ikaona kejeli haitoshi, wakatoa wimbo mfupi, dakika moja hivi, wa kuwaambia wapanki wa Kinazi watokomee, kwa lugha ambayo sitaiandika hapa, bi mkubwa anasoma humu. Huo hakuna aliyeuelewa kinyume. Ila pia ukweli ni kwamba sio wimbo wao mzuri, ni kama tangazo, na hapa ndo ninapokwama mwenyewe, kwa sababu nyimbo za panki ninazozipenda ni zile zinazoweza kueleweka vibaya, na zile zisizoweza kueleweka vibaya huwa nazisikiliza mara mbili basi.

Na bendi yenyewe iliishia mahakamani. Biafra anasema ugomvi ulianza alipokataa wimbo wao kutumika kwenye tangazo la suruali za kampuni ya Levi's, wenzake wakasema hapana, hoja ni mrabaha ambao hawakulipwa, na 2000 mahakama ikawapa ushindi wenzake. Mashabiki wakagawana hapo hapo. Clash wao walikubali, 1991 Levi's wakatumia wimbo wao wa mapenzi kwenye tangazo na ndo ukawa namba moja yao pekee Uingereza, bendi ya wanamapinduzi. Ila hata hilo lilikuwa limeshalalamikiwa tangu Januari 1977 waliposaini na kampuni ya rekodi ya CBS kwa pauni laki moja, kuna waliosema panki imekufa siku ile ile, na bendi ya Crass, waliokuwa wanakaa kwenye nyumba yao ya shamba Essex, wakawa wanachapa kwenye kava za rekodi bei ya juu ambayo usilipe zaidi. Crass nawaheshimu. Kuwasikiliza albamu nzima ni kazi nyingine.

Anayetaka kweli kweli panki isiyo na siasa ningempeleka Johannesburg 1979, kwenye bendi inaitwa National Wake, Ivan Kadey mzungu na ndugu wawili weusi, Gary na Punka Khoza, wanapiga pamoja wakati sheria za ubaguzi zinasema hata mtaa mmoja hawaruhusiwi kukaa. Wangeimba kuhusu maua bado wangekuwa kesi. Polisi waliwaandama, albamu yao moja ilitoka 1981, 1982 bendi ikavunjika. Sasa msikilizaji wa pale anayesema "mi napenda muziki wao tu", amesimama wapi kuusikiliza huo muziki, na pembeni yake kasimama nani?

Na sasa tuna wa kwetu karibu, Nairobi kuna Crystal Axis, hawa wanajiita afropanki bila kuomba ruhusa kwa mtu, wana wimbo wa Nyayo House na vile vyumba vya mateso vya enzi za Moi, na wana mwingine wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji na Kongo. Nina binamu yangu anasoma kidato cha sita, mpenzi wa gitaa, kila siku ananigombeza kwamba naharibu muziki kwa siasa, Green Day alishawafuta kwenye simu. Huo wa Leopold kaukariri mwanzo mwisho, anauimba mpaka anapoosha vyombo. Nikamuuliza, we si ulisema hutaki siasa kwenye gitaa? Akanijibu hiyo sio siasa kaka, hiyo ni historia, iko kwenye silabasi.